Jotham na Matofali ya Baker Street

Mgeni wa kawaida akifika London hupelekwa kuona kasri la Malkia, lile daraja linalofunguka katikati, na saa kubwa iliyo juu ya mnara. Mgeni wa Jotham Mwadime alipelekwa chini ya ardhi. Alishushwa ngazi za umeme pale Stratford asubuhi, akazungushwa mashimoni siku nzima, akarudishwa Stratford jioni akipenga kamasi nyeusi, na kabla hajavua koti ameshaulizwa kama amewahi kuona maajabu kama hayo maishani mwake. Wengi walijibu kwamba hawajawahi. Walikuwa watu waliolelewa vizuri.

Namsema kwa sababu nina haki ya kumsema. Mimi ni Marcelina. Mama yangu na mama yake Jotham ni ndugu wa tumbo moja, na sote ni Wataita wa Wundanyi. Mimi na mume wangu Allan tulikuja London mwaka 1993. Jotham alikuwa ametutangulia kwa miaka miwili, jambo alilotukumbusha kila alipopata nafasi, na asipoipata aliitafuta.

Ziara zake zilikuwa na utaratibu. Mchungaji mmoja kutoka Voi, mtu mnene na wa heshima zake, alibandikwa uso kwenye kioo cha dirisha treni ilipokuwa kati ya Holborn na Tottenham Court Road.

"Tazama sasa, Mchungaji! Sasa! Hapo hapo! Umekiona?"

"Nimeona giza," mchungaji akasema.

"Ndicho hicho! Kituo kilichofungwa. Zamani watu walishukia hapo kwenda makumbusho."

Mchungaji alimshukuru sana. Aliporudi Voi, nasikia alihubiri Jumapili mbili mfululizo juu ya Yona tumboni mwa samaki.

Kulikuwa pia na ziara ya handaki la chini ya mto Thames, lililochimbwa zamani za farasi. Kulikuwa na ziara ya vituo ambamo watu walilala wakati wa vita, mabomu yakianguka huko juu. Hapo Jotham aliinamisha kichwa na kukutazama mpaka na wewe uinamishe chako. Kuna siku nilichoka nikamuuliza, "Na juu ya Holborn kuna nini?" Alifikiri kidogo. "Barabara," akasema.

Lakini nisimwonee kabisa. Jotham hakuzaliwa na wazimu huu, aliupata kwa baridi. Mwaka 1991 alikuja kusomea uhasibu, akapanga chumba ambacho dirisha lake lilikataa kufungwa na mwenye nyumba alikataa kulitengeneza. Majira ya baridi yalipoingia, kijana wa milimani Taita, aliyedhani anajua baridi ni nini, alilala na koti, kofia na viatu. Ndipo alipogundua kwamba chini ya ardhi kuna joto. Wakati ule treni za Circle zilikuwa zinazunguka katikati ya mji bila mwanzo wala mwisho. Ukishakata tiketi yako ya siku, una kiti, una taa, una joto, na hakuna anayekuuliza unakwenda wapi. Jotham alihamia huko na vitabu vyake. Alisoma hesabu akizunguka London kutwa, anapanda asubuhi akiwa amejikunja na anashuka jioni akiwa mtu tena. Mtihani aliufeli. Vituo alivijua vyote kwa moyo, ila hakukuwa na chuo kilichotahini vituo.

Baadaye akapata kazi ya kuuza viatu katika duka moja la Stratford, kazi inayomfaa kweli mtu asiyependa kutembea juu ya ardhi. Akakaa hapo. Miaka ikapita, nywele zikaanza kurudi nyuma, na wazee wa Wundanyi wakaanza kuuliza kwenye simu kama London hakuna wanawake. Nilikuwa nawajibu kwamba wapo, ila wanaishi juu.

Halafu akampata Maureen.

Walikutana kituo cha Bank, mahali ambapo hata Waingereza waliozaliwa hapa hupotea na kuanza kuwachukia wazazi wao. Maureen alikuwa nesi, Mkikuyu wa Nyeri, akiishi Queensbury kwa baba yake mdogo, Mzee Kamande. Alikuwa amesimama penye njia panda za mashimo manne, ametoka zamu, miguu imevimba, akisema kwa Kiswahili na kwa sauti, "Aliyejenga hii kitu aletwe hapa tu, nimwambie kitu kimoja." Jotham alikuwa akipita. Akamtolea salamu, akambebea mfuko, akamwongoza mpaka kwenye treni yake bila kukosea hata kona moja. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo mara ya mwisho ninayojua mimi ambapo Jotham alimfikisha mtu moja kwa moja alikokuwa akienda.

Alimpenda kweli. Hilo nalisema bila kejeli. Alimngoja nje ya hospitali zamu ikiisha, ameshika mwavuli, kwenye mvua, juu ya ardhi kabisa. Alijifunza kupika irio, kile chakula cha Wakikuyu cha viazi na mahindi. Siku moja nilimkuta amepita kituo chake kwa sababu alikuwa akisimulia habari za Maureen, na kwa mtu kama yeye hilo ni sawa na mwingine kuuza shamba.

Maureen naye alikuwa na lake. Akiwa jikoni kwangu, tunamenya viazi, alinieleza. Miaka sita nyuma, kulikuwa na mwanamume wa Luton aliyetaka kumwoa. Sasa watu wa kwao Maureen wana desturi wanayoiheshimu hata hapa Uingereza: kabla ya posa na kabla ya neno lolote la mahari, upande wa mwanamume huja siku moja, pamoja na mzee wao na vitu vichache vya mkononi, kuijua tu nyumba anakotoka binti. Ndivyo inavyoitwa, kujua nyumbani. Hamna mashindano ya maneno siku hiyo. Kazi yenu ni moja, kufika.

Yule wa Luton hakufika. Hakupiga simu, hakutuma mtu. Maureen alikaa sebuleni na nguo mpya, shangazi zake wakimtazama kisha wakitazama saa kisha wakitazama ukuta, mpaka chakula kikaanza kufungwa kwenye karatasi na kugawiwa majirani.

"Nimemwambia Jotham," akasema, huku kisu kikiwa kimesimama mkononi. "Nimemwambia, mimi si msichana. Sitaki pete, sitaki story. Fika tu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kama kuna kitu Jotham anakijua duniani, nikasema, ni kufika. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Agosti 2002 Jotham akamleta Mzee Mwakio kutoka Wundanyi. Huyu ni kaka mkubwa wa marehemu baba yake, na alikuja kwa kazi moja tu, kuwa mdomo wa mwana wao. Bwana harusi hajisemei mwenyewe mbele ya wakwe; akijisemea, watu hujiuliza kama amezaliwa au ameokotwa. Mzee alifika na koti la kahawia, kofia, fimbo, na utulivu wa mtu ambaye hajawahi kukimbilia chochote. Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Tuliambiwa tufike kabla ya chakula cha mchana.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapotaka kulia. Kutoka Stratford mpaka Queensbury kuna treni moja. Moja! Ni ile ya Jubilee. Unaingia Stratford, unakaa, unakunja mikono, unasinzia ukipenda, na ukifumbua macho uko Queensbury. Hubadilishi treni, hupandi ngazi, huulizi mtu. Mbuzi angefika.

Tuliondoka mapema. Mimi nilikuwa nimebeba blanketi la bibi wa nyumba, nimevaa viatu virefu kwa sababu nilidhani siku hiyo nitatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye kochi. Allan alibeba katoni ya soda begani na mfuko wa sukari na majani ya chai mkononi. Simu yetu, tuliyokuwa nayo moja wakati huo, tulimwachia binti yetu nyumbani. Jotham, na suti yake mpya, hakubeba chochote ila elimu.

"Hapa juu yetu ni mto, Baba Mkubwa," akasema tulipopita Canary Wharf. Mzee akatazama dari, kisha akatazama viatu vyake. Tukapita chini ya mto mara kadhaa, na kila mara Mzee aliarifiwa. Westminster akaelezwa jinsi walivyochimba. Green Park akaelezwa kwamba mashimo ya zamani na mapya yanapishana. Mzee aliitikia "Ehe" kila mahali, kwa heshima ileile aliyompa dereva wa teksi, mhudumu wa ndege na mbwa wa jirani yangu.

Tulipotoka Bond Street nikamwona Jotham anaanza kuchezesha goti.

"Kituo kinachofuata ni Baker Street," akasema. "Tushuke kidogo."

"Tushuke tufanye nini?" nikauliza.

"Marcelina, pale kuna njia ya kwanza kabisa ya treni ya chini duniani. Matofali ya 1863! Yako vilevile! Treni za moshi zilikuwa zinapita pale. Baba Mkubwa ametoka Wundanyi mpaka hapa, arudi bila kuona hiyo?"

"Arudi ameona mkwe."

"Dakika tano tu. Halafu tukifika mapema tutawakuta bado wanapika. Unajua mwenyewe si vizuri kuwakuta wakwe hawajajitayarisha."

Hapo ndipo unapomwona mtu anavyoweza kuichukua adabu na kuigeuza mlango wa kutorokea. Treni ikasimama. Jotham akaruka nje, akageuka, akanyoosha mkono kama mfungua mlango wa kanisa. Allan, ambaye katika ndoa yetu amejizoeza kufuata aliye mbele, akatoka na soda zake. Mimi nikatoka kumvuta Jotham kwa koti nimrudishe ndani. Mzee Mwakio alibaki kwenye kiti chake, mikono juu ya fimbo.

"Baba Mkubwa, shuka!"

"Tumefika?" Mzee akauliza.

"Bado, lakini shuka!"

"Kama hatujafika, nishuke kwa nini?"

Swali lilikuwa zuri, na Jotham alikuwa bado anatafuta jibu lake milango ilipojifunga. Mzee akatuinulia kofia kupitia kioo. Treni ikaondoka naye.

Matofali yenyewe sijayaona mpaka leo.

Mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Angepanda treni inayofuata, kwa sababu Mzee aliambiwa jina la Queensbury tangu uwanja wa ndege, na treni aliyokuwamo ilikuwa inakwenda Queensbury. Lakini sisi hatukuwa na mtu mwenye akili timamu, tulikuwa na mtaalamu. Jotham alieleza kwamba abiria akipoteana na wenzake kanuni ni kushuka kituo kinachofuata na kungoja. Kwa hiyo Mzee atakuwa St John's Wood. Tukaenda St John's Wood. Hakuwapo. Basi atakuwa Swiss Cottage, kwa sababu huenda alichelewa kusimama. Tukaenda Swiss Cottage. Jotham akamshika mfanyakazi wa kituo na kumpa sura ya Mzee: Mwafrika, kofia, fimbo, mpole sana. Jina likatangazwa kwenye vipaza sauti, na jinsi lilivyotamkwa, Mzee Mwakio angeweza kuwa amesimama chini ya kipaza sauti hicho na asijue anaitwa yeye.

"Twende Queensbury," nikasema.

"Bila Mzee?"

"Mzee atakuwa huko huko."

"Na asipokuwako? Niingie kwa wakwe mikono mitupu? Nijisemee, Marcelina, kwa mdomo wangu mwenyewe?"

Alikuwa anasema kweli. Ujumbe usio na mzee si ujumbe, ni watu watatu wamebeba soda. Na mimi kwenda peke yangu na blanketi ningekuwa nimekwenda kama nani? Kisha akasema lile lililokuwa linamchoma hasa. Alilisema polepole.

"Nimwambie Mzee Kamande nimempoteza Baba Mkubwa kwenye tube? Mimi?"

Finchley Road kituo kiko wazi, unaona mawingu. Tulipotokeza pale simu ya Jotham, ambayo kutwa nzima ilikuwa haishiki mtandao huko chini, ikalia. Akaitoa mfukoni. Nilikuwa bega kwa bega naye, na jina niliona vizuri: Maureen.

"Pokea," nikasema.

Alikuwa ameitazama tu.

"Jotham, pokea simu."

"Nitamwambia nini? Nitampigia tukishampata Mzee. Nikimpata nitampigia, tutacheka."

Ikanyamaza. Ikalia tena. Akairudisha mfukoni ikiwa inalia, na nikawa naisikia ndani ya ile suti mpya, mpaka ikakata. Ilipolia mara ya tatu alikuwa ameshaanza kushuka ngazi, anasema huenda Mzee amegeuza na kurudi Baker Street. Nilimfuata nikimtukana kwa Kitaita, lugha ambayo ina maneno mazuri sana kwa kazi hiyo. Mchana wote ukaishia humo. Juu kwenye treni, chini kwenye treni, Allan na soda zake, mimi na blanketi, visigino vinanitoka damu, na mbele yetu bingwa wa London nzima anachungulia kila benchi.

Mzee Mwakio alikuwa wapi? Haya ndiyo tuliyoelezwa baadaye, na shangazi yake Maureen aliyenieleza hakuacha hata kipande kimoja.

Mzee alikaa. Treni ikatoka shimoni, akaona mwanga, akaona nyumba na nguo zimeanikwa, akafurahi kwamba London nayo ina watu wanaofua. Sauti ya mwanamke ndani ya behewa ikawa inataja vituo kimoja kimoja. Iliposema Queensbury, akasimama, akashuka. Nje ya kituo akatazama huku na huku akitafuta uso unaoelekea kumwelewa, na akamwona mwanamke wa Kihindi anapanga bamia mbele ya duka. Akamsalimia kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza hakuwa nacho.

"Habari za mchana, mama. Naulizia kwa Kamande."

Mwanamke huyo anaitwa Indu. Alizaliwa Kisumu na ameishi Queensbury tangu ujana wake, na amewauzia unga wa ugali Wakenya wote wa pande hizo. "Karibu sana, mzee!" akamwambia. "Kamande wa hapa nyuma? Ngoja nifunge hii, nikupeleke mimi."

Kwa hiyo Mzee Mwakio alifika kabla ya chakula cha mchana kama ilivyoagizwa, ameshikwa mkono na mwenye duka, bila kukimbia, bila kuuliza mara mbili. Walipomuuliza wenzake wako wapi, alisema kweli tupu: "Vijana wameshuka kuangalia matofali. Wanakuja." Nyumba nzima ikacheka. Maureen naye alicheka, akiwa na nguo yake ya kijani. Alichukua simu akatoka nayo bustanini kumpigia Jotham, amwambie Mzee yuko salama, asihangaike, aje. Shangazi anasema mara ya kwanza alikuwa bado anacheka. Mara ya pili alikuwa ameacha. Baada ya ile ya tatu alikaa huko nje kwenye kiti cha plastiki kwa muda, kisha akaingia ndani akapita sebuleni bila kumtazama mtu.

Mimi ndiye niliyeumaliza ule msako. Nilikaa chini kwenye benchi pale Baker Street nikasema naenda Queensbury, na mtaalamu akitaka abaki na vituo vyake. Jotham akaja. Njiani alikuwa anajaribu maneno ya kuomba radhi chini kwa chini, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza.

Desturi inataka wageni waimbe mlangoni mpaka wafunguliwe. Niliimba peke yangu. Allan aliitikia kwa mbali, na kopo moja la soda lilikuwa limetoboka linamchuruzikia kwenye shati. Mlango ukafunguliwa na Mzee Mwakio mwenyewe, amevua koti, ana kijiti cha meno mdomoni.

"Karibuni," akatuambia. "Mmechelewa."

Jotham alimshika mikono yote miwili. Ndani, Mzee Kamande alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Yeye na Mzee walikuwa wameshakula, wameshapeana habari za mvua na kahawa, wameshaombeana, na kila lililotakiwa kusemwa lilikuwa limesemwa na kukubaliwa. "Nyumbani kumejulikana," Mzee Kamande akasema, akampiga Jotham begani. "Huyu mzee wenu ni mtu wa maana. Kaeni mle." Chakula kikapashwa moto. Jotham akakaa ukingoni mwa kochi, na kila mlango wa jikoni ulipofunguka aliinua kichwa.

"Maureen ametoka kidogo," shangazi akasema.

Tukala. Nikapelekwa juu kuliweka blanketi, na kwenye kitanda cha chumba cha pili nikaiona nguo ya kijani, imekunjwa vizuri, mikono imewekwa kwa ndani. Nikashuka. Tukanywa chai, tukapewa chai tena, mada zikaisha, Mzee Mwakio akaanza kusinzia. Maureen hakurudi.

Ilipita wiki mbili kabla hajakubali kumwona Jotham. Alimwambia wakutane mkahawa mmoja wa Waarabu, Edgware Road, mahali ambapo hakuna Mkenya angewaona. Jotham akaenda, akamweleza yote bila kuficha. Kwa tabia yake hiyo ya kutojua kudanganya akamweleza mpaka ile simu: kwamba ililia Finchley Road, kwamba aliliona jina.

Kutoka hapo alikuja kwangu moja kwa moja. Nilimpa ugali na sukuma, hakugusa. Akanirudishia maneno ya Maureen, neno kwa neno, kama mtu aliyepewa ujumbe wa kupeleka mahali na hajui ni wapi.

"Ameniambia hivi: 'Yule wa kwanza hakuja kwa sababu hakunitaka. Nililia, lakini nilimwelewa. Wewe ulinitaka. Simu ilikuwa mkononi mwako, ukaona ni mimi, ukairudisha mfukoni ili usionekane umepotea. Sasa wewe nikuelewe aje, Jotham?'"

Alikuwa ananitazama. "Nimjibu nini, Marcelina?"

Nilikuwa nimejitayarishia maneno tangu ile Jumamosi. Nilikuwa na ya matofali, nilikuwa na ya visigino vyangu, nilikuwa na moja zuri sana la mtaalamu. Yote yalinitoka. Nilimhurumia. Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Maureen hakurudiana naye. Mwaka uliofuata alihama Queensbury, na sisi hatukuambiwa amehamia wapi.

Mzee Mwakio alirudi Wundanyi akasimulia, na husimulia vizuri. Alifika mwenyewe, akapokelewa, akala, akajua nyumbani kwa binti, akapewa neno na akatoa neno. Huko kwetu likishafanyika hivyo limefanyika. Jotham ana mke. Kuwaambia vinginevyo ni kusema kwamba kazi ya Mzee haikuwa kitu, safari yake ya mwisho na kubwa kuliko zote, na Jotham hawezi kumfanyia hivyo mzee wa umri ule. Kwa hiyo hajasema, na mimi sijasema.

Huja kwangu kila Krismasi, anacheza na wanangu, anawaelekeza njia za treni ambazo hawakumuuliza. Wundanyi hupiga simu baada ya chakula. Mwaka jana mama yake alikuwa anapiga kelele upande wa pili, kama kawaida ya wazee wasioiamini simu, na sote jikoni tulikuwa tunasikia.

"Na Maureen? Hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Mwambie tunamsalimu. Mwambie tunamwombea, Mungu atawapa mtoto, asikate tamaa. Umesikia?"

Jotham alikuwa amesimama kando ya friji, mkono mmoja sikioni.

"Nimesikia," alisema. "Nitamwambia, mama."